Krimu za vitamini A: Tiba ya chunusi na makunyanzi isiyotaka pupa

VIJANA wengi wanapobaleghe husumbuliwa na chunusi usoni. Wazazi wao nao, umri unaposonga, huanza kuona makunyanzi pembezoni mwa macho na madoa mashavuni. Huenda ikawashangaza wote kusikia kwamba miongoni mwa dawa ambazo madaktari wa ngozi huzitegemea zaidi kwa matatizo hayo mawili, moja ni ile ile.

Dawa hizo za kupaka huitwa retinoidi. Ni jamii ya kemikali zinazohusiana na vitamini A, ambayo mwili huipata kutokana na vyakula kama vile maini na mayai, au kuitengeneza kutokana na karoti na mboga za kijani. Hata hivyo, kula vyakula hivyo kwa wingi hakuondoi chunusi. Dawa yenyewe hupakwa kwenye ngozi, na huuzwa ikiwa krimu au jeli.

Zinazojulikana zaidi ni tretinoini, adapaleni na tazaroteni. Retinoli, inayopatikana katika vipodozi vingi madukani, ni ndugu yao mnyonge: sharti ngozi iibadilishe kwanza kuwa asidi ya retinoiki ndipo ifanye kazi, na kwa sababu hiyo nguvu zake ni kidogo.

Zinavyofanya kazi

Chunusi huanza kabla haijaonekana. Seli zilizokufa, badala ya kupukutika, hugandamana ndani ya kitundu cha unywele na kukiziba. Mafuta ya ngozi hukusanyika nyuma ya kizibo hicho, bakteria huzaliana humo, kisha sehemu hiyo huvimba, kuwa nyekundu na hata kutunga usaha.

Retinoidi huingia katika seli na kujishikiza kwenye vipokezi vilivyo ndani ya kiini chake. Hapo huamrisha seli zikue na kupukutika kwa utaratibu, hivyo kitundu hakizibi. Hii ndiyo sababu dawa hupakwa uso mzima na wala si juu ya kipele kimoja kimoja: kazi yake kubwa ni kuzuia vipele ambavyo bado havijatokeza.

Kwa ngozi inayozeeka, dawa hizo huchochea utengenezaji wa kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara wake, na ambayo huharibiwa na miale ya jua mwaka baada ya mwaka. Makunyanzi membamba hupungua, lakini mikunjo mirefu haifutiki.

Historia yenye doa

Aliyeipa tretinoini umaarufu ni Albert Kligman, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Mnamo 1969, yeye na wenzake walichapisha matokeo ya matumizi yake dhidi ya chunusi, na mwaka wa 1971 ikaidhinishwa nchini humo kwa jina la Retin-A.

Baadaye, baadhi ya wagonjwa wa makamo waliokuwa wakitibiwa chunusi walisema nyuso zao zimekuwa laini kuliko awali. Fununu hiyo ilizaa utafiti, na mnamo 1988 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walipochapisha ushahidi kuwa tretinoini hupunguza athari za jua kwenye ngozi, Wamarekani walimiminika katika maduka ya dawa. Mnamo 1995 krimu ya Renova, yenye kemikali hiyo hiyo, iliidhinishwa kwa makunyanzi membamba. Adapaleni iliidhinishwa kwa chunusi mwaka wa 1996, na tangu 2016 ile ya asilimia 0.1 huuzwa nchini Marekani bila cheti cha daktari.

Sifa hizo zina upande wa giza. Kwa zaidi ya miaka 20, hadi 1974, Kligman aliendesha majaribio ya kitiba kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg jijini Philadelphia, wengi wao wakiwa watu weusi, ambao hawakuelezwa ipasavyo hatari zilizowakabili. Retin-A ni miongoni mwa bidhaa zilizofaidika na majaribio hayo. Jiji la Philadelphia liliomba radhi rasmi mnamo Oktoba 2022.

Ngozi nyeusi

Melanini iliyo katika ngozi nyeusi huikinga kwa kiasi fulani dhidi ya jua, na ndiyo maana makunyanzi huchelewa kuonekana kwa Waafrika wengi. Kero yao kubwa huwa ni madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi kupona, ambayo huweza kudumu kwa miezi mingi.

Hapa pia retinoidi husaidia. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1993 katika jarida la New England Journal of Medicine, uliohusu wagonjwa weusi waliotumia tretinoini kwa wiki 40, ulionyesha kuwa madoa ya aina hiyo yalififia. Lakini nusu ya waliopaka dawa hiyo walipatwa na mwasho na uwekundu, hali iliyopungua kadiri matibabu yalivyoendelea.

Onyo lililomo ni zito. Ngozi nyeusi inapochubuka au kuvimba, huweka doa jeusi. Anayejipaka dawa nyingi ili apone haraka anaweza kuishia na madoa mengi kuliko aliyoanza nayo.

Matumizi yafaayo

Ushauri wa kawaida wa madaktari ni kuanza na dawa isiyo kali, kwa mfano tretinoini ya asilimia 0.025 au adapaleni ya asilimia 0.1. Uso huoshwa kwa sabuni isiyo kali, huachwa ukauke kabisa, kisha dawa ya kiasi cha punje moja ya njegere husambazwa uso mzima, mbali na macho, midomo na pembe za pua. Hupakwa usiku, kwa kuwa tretinoini huharibiwa na mwanga. Wiki za mwanzo inatosha kuipaka mara mbili au tatu kwa wiki, na mafuta ya kulainisha ngozi hupunguza ukavu.

Tretinoini ya kawaida isipakwe kwa wakati mmoja na benzoili peroksaidi, dawa nyingine ya chunusi, maana huenda ikapoteza nguvu. Adapaleni haina tatizo hilo.

Katika wiki za kwanza ngozi huweza kukauka, kubambuka na kuwasha, na chunusi zenyewe zikaonekana kuongezeka. Wengi hukata tamaa hapo. Nafuu ya chunusi huhitaji wiki 8 hadi 12, ilhali makunyanzi huchukua miezi kadhaa. Mchana, krimu ya kukinga jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi, pamoja na kofia, ni sehemu ya tiba.

Wasiofaa kuitumia

Wajawazito na wanaopanga kushika mimba hushauriwa kuziepuka retinoidi. Tembe za isotretinoini, zilizoanza kutumika Marekani mwaka wa 1982 kwa chunusi sugu, husababisha kasoro mbaya za ubongo, moyo na uso kwa mtoto aliye tumboni. Dawa ya kupaka huingia mwilini kwa kiasi kidogo mno, lakini hakuna haja ya kubahatisha maisha ya mtoto kwa ajili ya chunusi. Aliyeitumia kabla ya kugundua kuwa ana mimba anafaa aiache na kumwona daktari, bila kuingiwa na hofu.

Hatari nyingine ni mkorogo. Mnamo 1975, Kligman alibuni mchanganyiko wa tretinoini, haidrokwinoni na steroidi kwa ajili ya kufifisha madoa. Mchanganyiko wa namna hiyo ni dawa ya muda mfupi chini ya uangalizi wa daktari. Unapopakwa mwili mzima kwa miezi ili kujichubua, steroidi hukonda ngozi na kuacha michirizi, nayo haidrokwinoni huweza kuleta mabaka ya rangi ya samawati na nyeusi yasiyotoka kwa urahisi. Nchini Kenya, vipodozi vyenye haidrokwinoni au zebaki vimepigwa marufuku na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Kwa hivyo, kabla ya kununua, ni muhimu mtu asome viungo vilivyoorodheshwa kwenye kijisanduku, na asiamini krimu isiyo na maandishi wala inayoahidi ngozi mpya kwa siku saba. Tiba ya kweli haina ahadi hiyo. Hupakwa kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, na mwenye subira ndiye anayeona matunda yake.