Dansi ya Kuazima

Msomaji mpenzi, wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Maana yake ni kuwa mtu ajivuniaye kitu kisicho chake huaibika siku mwenyewe atakapokuja kukidai. Methali hii ina kweli nyingi, wala sina nia ya kuibishia bure. Lakini ningependa tuipime kwa kisa kimoja cha mji wa Nairobi, kisa cha dansi iliyoitwa twisti, na cha mtu aliyepata kuitwa mfalme wake, Daudi Kabaka.

Upande wa mashariki wa Nairobi iko mitaa inayojulikana kwa jina moja la Eastlands. Pumwani ilianzishwa mwaka 1922. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 ili kuwapokea watu waliohamishwa kutoka Pangani. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na baadaye zikafuata Bahati, Jericho na nyinginezo. Katika enzi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kukaa mjini mahali apendapo. Serikali ilimtaka awe mfanyakazi, lakini haikumtaka awe mwenyeji. Wengi walilala watu kadhaa katika chumba kimoja, na wake zao na watoto wakabaki mashambani. Mtu wa namna hiyo, akimaliza kazi ya juma zima, angekwenda wapi kupumzisha moyo? Alikwenda ukumbini.

Pumwani palikuwa na ukumbi mkubwa, uliojengwa katika miaka ya 1920 kuwa ukumbusho wa Waafrika waliofariki katika Vita Vikuu vya Kwanza. Miongoni mwao walikuwamo wapagazi wa jeshi, ambao mtaa wa jirani wa Kariokor umerithi jina lao. Kaloleni nako palikuwa na ukumbi, na humo watu walisikiliza hotuba za siasa leo, na kesho wakacheza dansi. Hivyo kumbi hizi zilikuwa zaidi ya nyumba za starehe. Humo mgeni kutoka Ukambani alikutana na mgeni kutoka Nyanza, na wote wawili wakaanza kujiona kuwa watu wa mji mmoja.

Dansi zenyewe zilikuwa za namna nyingi. Ilikuwapo beni, iliyoanza pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga magwaride na tarumbeta za jeshi. Zikaja walzi na fokstroti, ambazo wacheza walizishindania wakiwa wamevaa suti na tai. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, wakarudi askari waliotumikia Burma na India. Mmoja wa waliorudi alikuwa Fundi Konde, mwimbaji aliyekuwa amewatumbuiza askari huko Asia, na ambaye baadaye alisifiwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga gitaa la umeme nchini Kenya.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Mjini Philadelphia, Marekani, aliishi kijana mweusi aliyezaliwa mwaka 1941, jina lake Ernest Evans. Alipokuwa mwanafunzi alifanya kazi katika duka la kuuza kuku. Alipoanza kuimba aliitwa Chubby Checker. Mwaka 1960 aliimba wimbo wa twisti, na Marekani nzima ikaanza kujinyonganyonga viuno. Mwaka 1961 alitokea katika filamu iliyoitwa Twist Around the Clock, na filamu hiyo, pamoja na nyingine za aina yake, ikaifikisha dansi hiyo mbali kuliko miguu ya mchezaji yeyote. Angalia jinsi ilivyokuwa nyepesi. Mtu hakuhitaji kumshika mwenzake wala kuhesabu hatua. Alisimama mahali pake, akasugua ardhi kwa nyayo kana kwamba anazima sigara, na mikono ikaenda kama ya mtu ajifutaye mgongo kwa taulo. Aliyeiona mara moja aliiweza.

Twisti ilipofika Nairobi kwa filamu na kwa sahani za santuri, vijana waliipokea kwa furaha, na wazee wakaguna. Walisema kuwa mwacha mila ni mtumwa, na kwamba kijana anayeyumba peke yake bila mpangilio amepotea. Hofu yao haikuwa ya mzaha. Taifa lilikuwa karibu kupata Uhuru, na swali la nini kilicho chetu na nini si chetu lilikuwa zito. Je, wewe msomaji ungewajibu nini?

Jibu la Daudi Kabaka lilikuwa katika gitaa. Kabaka alizaliwa mwaka 1939, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akirekodi katika studio ya Equator mjini Nairobi, iliyoongozwa na Charles Worrod. Wenzake katika bendi ya studio hiyo walikuwa Fadhili William, aliyeurekodi wimbo wa Malaika, na wageni kutoka Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Vijana hawa hawakuichukua twisti kama walivyoikuta. Waliichanganya na mapigo ya kwela kutoka Afrika Kusini, wakaifanyia magitaa yanayojibizana, kisha wakaiimbia kwa Kiswahili. Kabaka alisimulia habari za mapenzi, za safari, na za msichana aliyesoma. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, wimbo wake wa Harambee ulisikika sana redioni. Mcheza dansi wa Eastlands alipousikia, hakuhitaji mkalimani.

Ndipo likatokea jambo la kustaajabisha. Mwaka 1968 bendi ya Kiingereza iitwayo The Tremeloes iliuchukua wimbo wa Kabaka, Helule Helule, ikauimba upya, nao ukapanda hadi nafasi ya 14 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Yule aliyedhaniwa kuwa mwazimaji sasa alikuwa mwazimishaji. Vijana wa London walicheza mdundo uliotungwa na mtu wa Nairobi, ingawa jina lililotangulia mbele ya sahani lilikuwa la bendi, si lake.

Ngoma ivumayo sana, msomaji, haikawii kupasuka. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha, rumba ya Kongo na benga zilikuwa zimekwisha kuteka masikio ya watu. Kabaka hakuacha kazi yake. Aliendelea kuimba pamoja na akina Pichen na Tsotsi katika bendi ya African Eagles, na watu wakaendelea kumwita mfalme wa twisti hadi alipofariki mwezi wa Novemba mwaka 2001. Fadhili William naye alikuwa amemtangulia mwaka huo huo.

Basi turudie methali yetu. Ni nani hasa aliyekuwa mwenye nguo? Chubby Checker mwenyewe aliuchukua wimbo wake kwa Hank Ballard, aliyeutunga na kuurekodi kabla yake. Na mwendo wenyewe wa kiuno ulikuwa wa zamani miongoni mwa Wamarekani weusi, wajukuu wa watumwa waliochukuliwa kwa nguvu kutoka Afrika. Ukiifuata nguo hii kutoka bega hadi bega, hutafika kwa mtu mmoja awezaye kusema kwamba ni yake peke yake.

Hata hivyo wazee hawakukosea kabisa. Anayevaa nguo ya mwenziwe bila kuirekebisha huonekana mwazimaji daima. Kabaka na wenzake waliifumua twisti, wakaikata kwa kipimo cha miili yao, wakaishona kwa uzi wa lugha yao. Nawe siku utakapoazima wazo, mtindo, au ufundi kutoka mbali, usione haya. Mtaje aliyekuazima, kisha ushike sindano.