Nitro ilizimikaje?

Wengi wetu hapa Muyinga, tukisema mieleka ya kwenye TV tunamaanisha WWE tu. Lakini zamani ilikuwa na mpinzani: Nitro, kipindi cha kampuni ya WCW.

Nitro ilianza Marekani tarehe 4 Septemba 1995, kila Jumatatu usiku, sawa na Raw ya WWF (ndiyo WWE ya leo). Mwaka 1996 Hulk Hogan, kipenzi cha watoto, akageuka mtu mbaya. Watu wakapagawa! Nitro ikaishinda Raw kwa watazamaji wiki zaidi ya 80 mfululizo.

Sasa iliangukaje? Pesa ilikuwepo, vijana wenye kipaji pia. Shida, wazee hawakutaka kuachia nafasi. Tarehe 4 Januari 1999 watu walingoja Goldberg, nyota mpya, apigane na Kevin Nash. Badala yake akaingia Hogan, miaka 45. Akamgusa Nash kifuani kwa kidole kimoja, Nash akajilaza chini, mkanda ukarudi kwa Hogan. Basi, ndiyo pambano hilo!

Vijana waliona hakuna njia. Chris Jericho akahamia WWF mwaka huohuo, Eddie Guerrero akahamia 2000. Huko wote wawili wakaja kuwa mabingwa. Machi 2001 WWF ikainunua WCW, na tarehe 26 Nitro ikaonyeshwa mara ya mwisho.

Tujiangalie na sisi. Katika kikundi chetu mikro wanaishika walewale tangu mwanzo, wadogo wanabeba viti. Siku wakiacha kuja, tusiulize kwa nini.