Pombe na ubongo wa mtoto aliye tumboni

Swali ninaloulizwa sana kliniki ya wajawazito ni hili: "Nesi, na kama ni mbege tu?" Mwingine huuliza kuhusu ulanzi, mwingine bia moja ya jioni. Kinacholewesha katika vinywaji hivyo vyote ni kitu kimoja, ethanoli, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito.

Pombe humfikiaje mtoto?

Ethanoli hupita kwenye kondo la nyuma bila kuzuiwa. Muda mfupi baada ya mama kunywa, kiwango cha pombe katika damu ya mtoto hukaribia kile cha mama. Ini la mtoto bado changa, haliwezi kuivunja vizuri. Sehemu nyingine hutoka na mkojo wake na kuingia katika maji ya uzazi yanayomzunguka, naye huyameza tena.

Seli za ubongo hufanywa nini?

Ubongo hujengwa kwa hatua, na madhara hutegemea hatua iliyofikiwa.

Wiki ya tatu na ya nne tangu mimba kutungwa, mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo ndio unajifunga. Wengi wakati huo hawajajua hata kama ni wajawazito. Kando ya mrija huo zipo seli zinazohamia usoni kuujenga, na pombe huziua. Ndiyo maana baadhi ya watoto huzaliwa na macho yenye uwazi mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na sehemu kati ya pua na mdomo isiyo na mfereji.

Baadaye seli za neva huzaliwa ndani kabisa ya ubongo, kisha husafiri kuelekea nje zikifuata seli ndefu zilizo kama kamba. Pombe hupunguza idadi yake na kuzipotezea njia. Iliyokwama njiani haiungani sawasawa na wenzake.

Miezi mitatu ya mwisho ndiyo watu huidharau zaidi: "mtoto ameshaumbika." Umbo limekamilika, lakini ubongo ndio kwanza unakua kwa kasi, seli zikiunganishwa. Seli changa ya neva isipopokea ujumbe kutoka kwa wenzake hujiua yenyewe. Ndivyo mwili unavyoondoa zisizotumika. Pombe hunyamazisha ujumbe huo, kama inavyompooza mlevi, na seli nzima hufa kwa sababu ya ukimya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa panya wachanga, ambao ubongo wao uko katika hatua inayolingana na hii, walipoteza mamilioni ya seli baada ya pombe kukaa mwilini kwa saa kadhaa tu.

Mtoto akishazaliwa

Daktari Paul Lemoine wa Ufaransa aliwaeleza watoto hawa mwaka 1968. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, waliupa ugonjwa huo jina. Lakini wengi wenye madhara ya pombe wana sura za kawaida kabisa. Wao hujulikana shuleni: alichojifunza jana leo hakipo, hesabu hazipandi, hatulii, anachapwa kwa kosa lilelile kila wiki. Huitwa mkaidi. Kwa maoni yangu fimbo hapa ni uonevu, maana sehemu ya ubongo inayounganisha kosa na matokeo yake ndiyo iliyoumia. Seli zilizokufa hazirudi, ila mtoto akigundulika mapema na kufundishwa taratibu, kwa kurudiarudia, hupiga hatua.

Kama umeshakunywa

Acha sasa, hata kama mimba ina miezi saba. Seli zinazojengwa kuanzia leo zitajengwa bila pombe. Vidonge vya madini chuma na foliki unavyopewa kliniki endelea navyo, ila havifuti madhara ya pombe.

Tahadhari moja: anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Anaweza kutetemeka, kutoka jasho jingi, hata kupata degedege, na hiyo ni hatari kwake na kwa mtoto. Aende kituo cha afya asaidiwe kuacha. Baba wa mtoto naye asilete pombe nyumbani kipindi hiki. Ni vigumu mama kuacha huku chupa iko mezani.

Ukifika kliniki, mwambie nesi ulikunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho lini. Habari hiyo itamsaidia pia atakayempima mtoto baada ya kuzaliwa.