Mlango Namba 22

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, mwanafunzi wa UCLA aitwaye Charley Kline aliketi mbele ya kompyuta mjini Los Angeles, akajaribu kuingia kwenye nyingine iliyokuwa Menlo Park, kiasi cha kilomita 500 kutoka hapo. Neno la kuingilia lilikuwa LOGIN. Akapiga L, Bill Duvall, upande wa pili wa simu, akasema imefika. O nayo ikafika. Kwenye G, mashine ya Menlo Park ikakwama.

Kwa hiyo tamaa ya kuiamuru kompyuta usiyoiona ni kongwe sawa na mtandao wenyewe. Ikaja Telnet: programu moja kwako, nyingine kwenye mashine ya mbali ikisubiri amri, iitekeleze na kurudisha majibu. Kasoro yake ni kwamba kila herufi, hata ya nenosiri, ilisafiri wazi. Watu wa Berkeley nao walitoa rsh na rlogin, ambazo ziliweza kumpokea mgeni bila nenosiri ilimradi jina la mashine yake limo kwenye orodha. Ukarimu huo uligharimu. Novemba 1988, programu iliyotungwa na Robert Morris iliutumia, pamoja na mianya mingine, kuruka kutoka mashine hadi mashine.

Hata hivyo watu waliendelea na Telnet. Wakati huo kubadili mazoea kulionekana usumbufu mkubwa kuliko kuibiwa.

Mwaka 1995 zamu ilifika Finland. Kwenye mtandao wa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki ilikutwa programu ya kunasa manenosiri, nayo ilikwisha kukusanya maelfu. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, aliandika mbadala: SSH, inayofumba mazungumzo yote kwa hesabu za siri kabla hayajatoka. Kila huduma ya mtandao husubiri kwenye mlango wake wenye namba: Telnet ilitumia mlango namba 23, FTP ya kuhamisha mafaili 21. Namba 22 ilikuwa wazi katikati, akaiomba kwa barua pepe kwa wagawaji wa namba hizo, na kesho yake akapewa. Julai mwaka huo aliigawa SSH bure. Mwaka ukiisha ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50.

Kisha akaanzisha kampuni, na masharti ya leseni yakabana. Msweden Björn Grönvall akarudi kwenye toleo la zamani lililokuwa huru zaidi, akalitengeneza. Kundi linalotengeneza mfumo wa OpenBSD likaipokea kazi hiyo, na Desemba 1999 likatoa OpenSSH. Hiyo ndiyo iliyotapakaa kwenye seva za Linux.

Lakini haja ya kuamini tu haikuondoka yote. Ukiunganisha na seva kwa mara ya kwanza, SSH hukuonyesha alama yake ndefu ya herufi na tarakimu, ikakuuliza kama kweli unataka kuendelea. Wengi hujibu ndiyo kabla hawajamaliza kusoma swali. Wewe unayeunganisha, mwombe mwenye mashine alama hiyo kwa njia nyingine, uilinganishe kwanza.