Utoto wa Vijijini Koboko na Lurujo

Mwaka 1914 nchi ya West Nile ilitolewa Sudan ikatiwa Uganda. Tangu hapo mtoto wa Kikakwa wa upande wa Koboko alikulia penye mipaka ya nchi tatu: mjomba yuko Kongo ya Wabelgiji, shangazi yuko Sudan. Mtoto hakuujua mpaka. Aliijua njia ya kwa shangazi.

Kazi zake zilikuwa kuchunga mbuzi na kuamia ndege mashambani mwa mtama. Nyumbani alisema Kikakwa. Chuoni alisoma Kurani kwa Kiarabu. Kwa Wanubi, wazao wa askari wa Emin Pasha walioandikwa na Lugard mwaka 1891, alisikia Kinubi. Na Kiswahili akakipata kwa askari wa K.A.R. waliorudi likizo. Ni wachache wa wasomi wa mjini waliojaliwa lugha nyingi hivyo kabla ya kubaleghe!

Serikali ya Idi Amin ikaanguka mwaka 1979, na vita vya mwaka 1980 vikavihamisha vijiji. Mpaka uliowatenga jamaa sasa ukawa kimbilio lao: wazee waliwapitisha watoto kwa njia zile zile walizozikanyaga utotoni, wakaingia Sudan na Zaire.

Wengi walirejea baada ya mwaka 1986. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliozaliwa ukimbizini, wasioijua Koboko ila kwa masimulizi. Iliwabidi bibi zao wawashike mkono, wawaonyeshe kisima, kiwanja cha nyumba, na makaburi ya babu zao yaliyomezwa na nyasi.