Umbali Usiopimwa kwa Kilomita: Modeli za Kompyuta na Njia za Homa ya Mafua

Modeli za kompyuta zinazochunguza jinsi homa ya mafua inavyosambaa kutoka mahali hadi mahali husifiwa zinapobashiri sawasawa na hulaumiwa zinapokosea, kana kwamba kazi yake ni ramli. Makala haya yanadai kuwa sifa na lawama hizo hazilengi penyewe. Modeli ya aina hii ni hoja kuhusu safari za watu: hushikilia kuwa safari fulani ndizo zinazobeba virusi na kwamba nyingine zaweza kupuuzwa, na ubora wake hutegemea ukweli wa dai hilo kuliko ugumu wa milinganyo yake au nguvu ya kompyuta inayoiendesha.

Hisabati yenyewe si ngeni. Mwaka 1927, Kermack na McKendrick, waliofanya kazi Edinburgh, waliwagawa watu katika makundi matatu, yaani wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa na wanaoambukiza wengine, na waliokwisha kutoka katika mzunguko wa maambukizi kwa kupona au kufa, kisha wakaeleza kwa milinganyo jinsi watu wanavyohama kutoka kundi moja hadi jingine. Mpango huo huwachukulia watu wote kuwa wamechanganyika kama maziwa ndani ya chai, na kwa hiyo hauna jiografia. Jiografia huingia pale kila mji unapopewa makundi yake matatu na miji ikaunganishwa kwa hesabu ya wasafiri. Leonid Rvachev alikuwa amekwisha kuifuata njia hiyo kwa miji ya Umoja wa Kisovieti alipoungana na Mmarekani Ira Longini, na mwaka 1985 wakachapisha modeli ya miji 52 ya dunia iliyounganishwa kwa safari za ndege, ambayo ilijaribu kuufuata upya mwenendo wa janga la mafua lililoanzia Hong Kong mwaka 1968.

Dhana iliyozaliwa na kazi za namna hiyo ilikamilishwa mwaka 2013 na Dirk Brockmann na Dirk Helbing, waliopendekeza kipimo kinachoweza kuitwa umbali wa kisafari: kadiri sehemu ya wasafiri wanaotoka mji mmoja kuelekea mwingine inavyokuwa kubwa, ndivyo miji hiyo inavyohesabiwa kuwa karibu, hata kama bahari imelala katikati yake. Janga la mwaka 2009, ambalo katika ramani ya kawaida linaonekana kurukaruka ovyo kutoka Mexico, likichorwa kwa kipimo hiki hutanuka kwa duara zinazofuatana, kama maji ya bwawa lililotupiwa jiwe. Kenya yenyewe ni ushahidi wa jambo hilo, kwa kuwa mgonjwa wake wa kwanza aliyethibitishwa, Juni 2009, hakuvuka mpaka wowote wa nchi kavu bali alikuwa msafiri aliyetoka Uingereza na kugunduliwa Kisumu. Hata mwaka 1918 hali haikuwa tofauti kimsingi, maana homa kuu ya wakati huo iliingia Kenya kwa bandari ya Mombasa mwezi Septemba. Kilichotofautiana ni chombo, kwani ramani ya virusi wakati huo ilikuwa ramani ya meli na reli.

Thamani ya hoja ya aina hii huonekana zaidi pale inapokanusha jambo ambalo akili ya kawaida huliona kuwa wazi. Huonekana wazi, kwa mfano, kwamba kupunguza sana safari za ndege kutaizuia homa kuingia nchini. Iwapo, hata hivyo, idadi ya wagonjwa katika nchi ya chanzo huongezeka maradufu kila baada ya siku tatu, basi huongezeka mara kumi kwa takriban siku kumi, na kila abiria anayesafiri mwishoni mwa siku hizo ana uwezekano mara kumi wa kuwa ameambukizwa kuliko aliyesafiri mwanzoni. Hivyo basi, kupunguza abiria kwa asilimia 90, hatua ambayo waziri yeyote wa utalii angeikimbia, huchelewesha kuwasili kwa ugonjwa kwa siku kumi hivi, wala hakuuzuii.

Lakini ndege hueleza kuwasili tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 na Cécile Viboud na wenzake, uliotumia vifo vya nimonia na mafua vya misimu 30 nchini Marekani, ulionyesha kwamba kusambaa kati ya majimbo kulilingana zaidi na safari za watu wazima za kwenda kazini na kurudi kuliko na safari za ndege au umbali wa kawaida. Mwaka 2014 Julia Gog na wenzake walilichunguza wimbi la vuli la mwaka 2009 katika nchi hiyohiyo, safari hii kwa kutumia madai ya malipo ambayo madaktari huyapeleka kwenye kampuni za bima, wakakuta jambo ambalo halikutazamiwa katika taifa linaloruka angani kila siku: wimbi lilianzia kusini-mashariki, likatambaa kwa muda wa miezi mitatu hivi, karibu lote kwa hatua fupifupi, na mwendo wake uliendana na tarehe za kufunguliwa kwa shule. Matokeo haya matatu hayagombani. Ndege hupeleka cheche, wafanyakazi huyasambaza mafua ya kila msimu miongoni mwa watu ambao wengi wao wana kinga kiasi, na virusi vipya, ambavyo watoto hawana kinga navyo, hufuata watoto. Anayeuliza ni modeli ipi kati ya hizo iliyo sahihi bila kutaja ni virusi gani na ni hatua gani ya janga, hajauliza swali.

Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa taaluma hii ulipo, nao hautibiwi kwa kununua kompyuta kubwa zaidi. Safari zinazoingizwa katika modeli mara nyingi ni zile zilizokwisha kuhesabiwa na mtu mwingine kwa sababu zake: ndege hupendwa kwa kuwa mashirika huhesabu abiria, ilhali matatu, daladala na basi la usiku havimo katika jedwali lolote la dunia. Katika Kenya pengo hilo lilianza kuzibwa kwa simu za mkononi, pale Amy Wesolowski, Caroline Buckee na wenzao, katika utafiti wa mwaka 2012 kuhusu malaria, walipotumia kumbukumbu zilizofichwa majina za wateja karibu milioni 15, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, kukadiria watu wanavyosafiri kati ya kanda ya Ziwa Victoria, Nairobi na kwingineko. Kazi hiyo inastahili heshima, lakini kuihamishia kwenye mafua kunahitaji uangalifu, kwa sababu simu ni mali ya mtu mzima. Shule za bweni zinapofunguliwa Kenya au Tanzania, maelfu ya wanafunzi huvuka nchi kwa mabasi ndani ya siku chache na kulala katika mabweni yaliyojaa, nao ndio kundi ambalo wimbi la mwaka 2009 lilionyesha kuwa ni la kufuatwa kwanza. Na safari hizo, zisizoonekana katika minara ya simu, zimeandikwa tayari katika rejesta za shule, pamoja na mahali anakotoka kila mwanafunzi.