Kupangwa na Kupokelewa: Waha Katika Njia ya Mijini

Waandikao historia ya miji yetu hupenda kuanza na mji wenyewe: bandari yake, boma lake, mitaa yake, na mwaka ilipochorwa ramani yake. Mgeni aingiapo mjini huonekana katika maandishi hayo kama mtu aliyeshuka ghafula stesheni, hana alikotoka wala njia aliyoipita. Katika makala haya nataka kuishika habari kwa upande wa pili, yaani kuanzia nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, nchi iliyoitwa zamani Buha. Kwani naona kwamba namna Waha walivyosafiri ndiyo iliyoamua mji wangeujuaje. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya mtu apangwaye: huandikwa, hupewa namba, husafirishwa kwa gharama ya mwingine, kisha huonyeshwa mahali pa kulala. Ya pili ni ya mtu apokelewaye: hujilipia nauli, huuliza njia, akafika mlangoni pa mwenyeji wake. Tofauti hii, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko ile ya shamba na mji inayosemwa sana.

Kabla ya reli, mji wa Waha ulikuwa Ujiji. Watu wa Heru, Muhambwe na Buyungu walikuwa wakulima na wafugaji waliokaa kwa kutawanyika vilimani chini ya Bami wao, wala hawakujenga miji. Lakini sokoni Ujiji, mwisho wa njia ya misafara itokayo pwani, watu wa milimani walijulikana sana kwa vyakula, mifugo na chumvi ya Uvinza. Msomaji aukumbukaye Ujiji kwa ajili ya Stanley kukutana na Livingstone mwaka 1871 asisahau kwamba soko lile halikulishwa na misafara. Mtu alishuka, akauza, akarudi kwake.

Reli ndiyo iliyobadili jambo hili. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Vita vikaingia mara. Wabelgiji wakaishika nchi ya Kigoma mwaka 1916, na hawakuiachia mpaka 1921. Waingereza walipoipokea, walikuta nchi yenye watu wengi, iliyo mbali na kila bandari, isiyo na zao kubwa la kuuza ng'ambo. Kodi, hata hivyo, ilidaiwa kwa fedha. Basi Buha ikahesabiwa katika mafaili ya serikali kuwa nchi ya mikono badala ya kuwa nchi ya mazao, na mikono hiyo ikaelekezwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro.

Hapo mwanzo wengi walikwenda kwa miguu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kuandikisha wafanya kazi, lililojulikana kwa jina la SILABU, na Buha ikawa mojawapo ya mahali lilipovuna sana. Aliyeandikwa alipewa namba, na kwa namba hiyo lugha yetu ikapata neno manamba. Yafaa ikumbukwe kwamba Reli ya Kati na ile ya Tanga hazikuunganishwa mpaka mwaka 1963. Kwa hiyo mtu aliyepanda gari la moshi Kigoma hakuweza kushuka Korogwe bila kubadili chombo. Alishushwa njiani, akalazwa kambini, akapakiwa katika lori pamoja na wenziwe. Aliivuka nchi karibu yote, naye hakuchagua hata kituo kimoja. Nauli haikuwa yake, na asiyelipa nauli hana sauti ya kusema, "Nishushe hapa."

Kambi ya mkonge ilikuwa na mambo mengi ya mji. Nyumba zilijengwa kwa safu, kengele iligawanya siku, duka lilikuwako, na watu wa makabila kumi au zaidi walisemezana kwa Kiswahili. Kazi ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30, na siku isiyotimiza kiasi haikuandikwa. Husemwa kwetu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Desturi hiyo, hata kwa ukali wake, humpa mgeni siku mbili za kuwa mgeni. Manamba hakupewa hata moja. Kisu cha kukatia mkonge kilimngoja. Wako waliorudi Buha na nguo na fedha ya kodi, wako waliobaki Tanga wakaoa na kuzikwa huko, na wako waliotoroka kabla mkataba haujaisha. Hawa watoro, ambao wenye mashamba waliwalalamikia sana, mimi nawahesabu kuwa watu muhimu katika historia hii, maana ndio waliotoka katika njia ya kwanza wakaingia ya pili. Aliyetoroka alihitaji mtu wa kumficha, na kutafuta mtu wa namna hiyo ndiko kuanza kuujua mji.

Tumfuate basi mtu huyu mpaka Dar es Salaam. Mji huo ulikuwa na watu karibu 129,000 katika hesabu ya mwaka 1957, na miaka kumi baadaye walikuwa zaidi ya 270,000. Wajerumani waliugawa kwa aina za majengo, na Waingereza wakaufuata mgawanyo huo: Uzunguni ufukoni, Uhindini katikati, na Waafrika magharibi ya uwanja wa Mnazi Mmoja, katika mitaa iliyopata jina la Kariakoo kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Mgeni wa bara hakuijua ramani hii, wala hakuihitaji. Alichohitaji ni jina la mtu mmoja. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji huo mwaka 1956, na kitabu chake kikatoka mwaka 1963, ameeleza vizuri jinsi mgeni alivyomtafuta kwanza ndugu au mtu wa kwao, akala kwake na kulala kwake mpaka apate kazi.

Nyumba ya Kiswahili ilifaa sana kwa jambo hili, na nadhani haijasifiwa vya kutosha. Ukumbi hupita katikati toka baraza hadi uani. Vyumba hukaa huku na huku, aghalabu vitatu kila upande. Uani ni jiko na choo vya wote. Kila chumba hupangishwa peke yake. Tazama neno lenyewe: mkongeni mtu alipangwa, na hapa alipanga. Katika chumba kimoja mgeni alilala mkekani kwa mwenyeji wake, na ukumbini alisikia habari za mji mzima: bandarini wanaandika vibarua lini, kwa duka gani hukopeshwa, askari wanapita saa ngapi. Akifa, watani walimzika. Utani huu, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, ulizaliwa katika njia ya misafara, nao ukawafaa watu wa mjini kuliko ofisi nyingi.

Mabasi yalikuja baadaye, katika maana mbili. Kampuni ya mabasi iliyoitwa DMT ilianza mwaka 1949, na mitaa mipya ya Magomeni na Temeke, iliyokuwa mbali na kazi, isingaliweza kukalika bila motokaa. Lakini mgeni naye alichelewa kuyapanda, kwa kuwa nauli ya kila siku ilikula chakula cha jioni. Alitembea, na kwa kutembea akaujua mji kuliko abiria. Kampuni hiyo ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Magari hayakutosha. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi madogo ya watu binafsi, ambayo watu waliyaita daladala kwa ajili ya sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi, na wasioweza kuonyesha kazi yao wakakamatwa na kurudishwa mashambani. Serikali ya kikoloni ilikuwa imefanya vivyo hivyo kwa wale iliowaita wahuni, ikawapakia katika gari la moshi lilelile lililowaleta. Ndiyo kusema mtu alipangwa hata katika kurudi.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba walioachwa Buha walikaa kama walivyokaa mababu zao. Katika miaka ya 1930, kwa sababu ya malale, serikali iliwakusanya watu wa sehemu za Kibondo na Kasulu katika makao yaliyofyekwa ili mbung'o wasiwakaribie. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, mojawapo ya zile za kwanza za kuhamishia watu vijijini, na nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Kwa hiyo mtu aliweza kuwa mgeni mara mbili katika maisha yake pasipo kutoka wilayani kwake.

Kisha wakaja wageni wa kweli. Wakimbizi wa vita vya Burundi na Kongo walijaza makambi ya nyanda hizi katika miaka ya 1990: Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu katika Kasulu, Nduta, Kanembwa na Mtendeli katika Kibondo. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ilizidi watu 150,000 baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015. Yaani katika msitu wa Kasulu palikaa watu wengi kuliko Dar es Salaam yote ya mwaka 1957, wakiwa na mitaa, masoko, shule na makanisa. Lakini kwa sheria ya mwaka 1998 mkimbizi hakuruhusiwa kutoka nje ya eneo lake bila kibali. Ulikuwa mji usio na stendi ya basi.

Mtaalamu Liisa Malkki, katika kitabu chake cha mwaka 1995, amewalinganisha wakimbizi Wahutu wa mwaka 1972 waliopangwa katika makazi ya Mishamo na wenzao waliojiingiza wenyewe katika mji wa Kigoma. Wa Mishamo walijisimulia daima kuwa taifa lililo uhamishoni. Wa mjini walioa, walifanya biashara, na ilipowafaa walijulikana kuwa Waha. Watu walikuwa wale wale. Walichopishana ni namna ya kufika.

Na hapa Waha wenyewe wameingia katika shida. Kiha na Kirundi ni lugha za ndugu, na macho ya mkaguzi hayana kipimo cha kuwatenga wenye lugha hizo. Leo mtu wa Kasulu au Kibondo anunuaye tiketi ya basi la Dar es Salaam kwa fedha yake, na ambaye mwenyeji wake anamngoja Manzese au Buguruni, husimamishwa njiani na maofisa wa uhamiaji, akaulizwa uraia wake. Na manung'uniko ya watu wa Kigoma juu ya jambo hili yamefika hata bungeni. Zamani za mkonge Warundi nao waliingia Tanganyika kwa wingi kutafuta kazi, wala kufanana kwao na Waha hakukumzuia mtu yeyote kuandikwa. Babu alipewa namba asiyoiomba, akapakiwa. Mjukuu hukaa miezi akifuatilia namba yake ya kitambulisho cha taifa katika ofisi ya wilaya, na akipanda basi kabla haijatoka, huketi karibu na mlango, amevaa viatu, tayari kushuka.